Kekee Alipokata Shamba la Baba

Kekee hakujua kukaa. Kiti alikikalia ukingoni, chai aliinywa amesimama, na hata siku ya mazishi ya baba yake alizunguka uani akipanga viti ambavyo vilikwisha pangwa na watu wenye akili zao timamu. Jina hilo lilitoka kazini likamfuata nyumbani, kwa sababu kekee ndiyo iliyokuwa chombo chake: chuma kirefu cha kumfika kifuani, chenye meno yaliyojiviringa chini na mpini wa kukingama juu. Ukiizungusha inazama ardhini, ukiivuta inarudi na udongo mdomoni. Mwenyewe naye alikuwa hivyo hivyo, daima anazunguka, na watu walipotafuta jina la kumpa hawakwenda mbali.

Kazi yake ilikuwa kupima udongo wa wilaya nzima. Ofisini alipewa chumba cha nyuma, chenye mabati ya kukaushia udongo, kinu cha kupondea madonge, chekeche, na rafu zilizojaa vifuko hadi darini. Nyumbani kwake, yaani kile chumba alichopanga nyuma ya soko, mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta na mkoba wa safari uliotundikwa nyuma ya mlango. Mkoba huo haukuwahi kutolewa nguo zote hadi ukabaki mtupu. Majirani walimwita kiguu na njia, wala hakukasirika.

Ukimuuliza kuhusu wilaya yake, hakuanza na miji wala barabara. Alianza na mchanga wa kaskazini, unaokubali mihogo na karanga na kukataa karibu kila kitu kingine, kwa sababu maji ukiyamwaga juu yanapita moja kwa moja kama mgeni asiyetaka hata kukaribishwa. Kisha alishuka tambarare, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo ukilowa unavimba na kuvua watu viatu, ukikauka unapasuka hata mbuzi akavunjika mguu. Hapo pamba inakubali, mtama unakubali, na dengu zinakubali sana, lakini nguzo ya uzio haisimami wima misimu miwili. Alikuwa akisema huo ndio ndugu yake wa kweli, maana nao hautulii. Kulikuwa na mabonde ya kijivu ya mpunga, kulikuwa na vipara vya magadi vinavyoota nyasi kavu tu, na juu vilimani kulikuwa na udongo mwekundu, mwororo, wenye rangi ya kumpendeza kila mtu. Huo mwekundu aliuonea shaka kuliko wote. Nyumba njema si mlango, alisema, na akaizungusha kekee yake kwanza kabla ya kumsifia mtu shamba.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda hata mchicha. Si kwamba hakutaka. Kila kiwanja alichoonyeshwa anunue alikitoboa, akapata kasoro: hapa chumvi, hapa mwamba karibu, hapa maji yanatuama. Baba yake alimcheka mpaka alipozeeka. Mchagua jembe si mkulima, alimwambia, na yeye alicheka pia huku roho ikimuuma, kwa kuwa miaka ya kustaafu ilikuwa imekaribia na ule mkoba nyuma ya mlango ulikuwa umeanza kumtisha. Alitaka mahali. Alitaka michungwa yake mwenyewe, na kivuli chake, na asubuhi ya kuamka bila kutafuta viatu.

Ndipo baba akafa, na shamba likabaki la watoto watatu. Kekee alikuwa wa kwanza, na binti pekee. Aliyemfuata alikuwa mwashi, wote wakimwita Fundi, mtu mkubwa wa mikono na mchache wa maneno. Wa mwisho alikuwa Mdogo, aliyebaki kijijini na mke wake, watoto na ng'ombe, akimtunza baba hadi siku yake ya mwisho. Mama alikwisha tangulia zamani, lakini aliwaachia sheria moja ya nyumbani ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kila alipoleta mkate mezani alimpa mmoja wao kisu na kumwambia: anayekata huchagua mwisho, na mdogo huchagua kwanza. Waliokulia kwenye nyumba hiyo walijua kukata mkate sawasawa kuliko muuza duka.

Basi ndugu wawili walikaa, wakatazamana, wakasema shamba alikate dada. Nani mwingine anajua udongo? Kekee akakubali haraka mno. Angekuwa mtu mwingine wangemshangaa, lakini yeye mambo yake yote yalikuwa ya haraka.

Ukweli ni kwamba shamba alikuwa amekwisha litoboa. Kesho yake baada ya mazishi, wageni wakiwa bado wamejaa sebuleni, alishindwa kuvumilia mikeka na pole za watu, akachukua chuma chake garini akatokomea. Shamba lilishuka kutoka barabarani hadi kijitoni. Juu, pembeni mwa nyumba ya baba, palikuwa na ule udongo mwekundu uliowalisha mahindi tangu utoto. Katikati palikuwa na mteremko wa mawe uliodharauliwa na kila mtu, mahali pa kufungia mbuzi na kutupia majani. Chini kabisa palikuwa na udongo mweusi wa kando ya maji.

Alianzia kwenye mwekundu. Chuma kilizama kiganja kimoja, kikagota. Akasogea, kikagota tena. Akachimba kwa mikono, akakuta gamba gumu lililokandamizwa na plau iliyopita kina kile kile mwaka nenda mwaka rudi, na mizizi ya mahindi ya zamani imekunjika juu yake kama kiwiko. Mahindi machache yaliyojiotea yalikuwa na majani ya zambarau. Udongo ulikuwa na uchachu, umenyonywa, umechoka. Rangi tu ndiyo iliyobaki nzuri.

Kisha akashuka kwenye mawe. Alitafuta mwanya kati ya jiwe na jiwe, akazungusha, na chuma kikaenda. Kikaenda hadi mpini ukagusa nyasi. Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, chepesi, cha kumegeka, kina unyevu ndani ingawa ulikuwa wakati wa kiangazi, na mizizi ya kichaka cha mwituni ilikuwa imepita humo ikaenda zake chini bila kikwazo. Akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama kazi yake ilivyomfundisha, akakibinya kikanyooka kama utepe, ukakatika pale pale alipotaka ukatike. Mawe yalikuwa juu tu. Chini yalikuwa yameoza taratibu na kuwa chakula. Kekee alipiga magoti, kwa sababu huo ulikuwa udongo wa machungwa, na alikuwa ameutafuta wilaya nzima.

Hakumwambia mtu. Akafukia mashimo yote kwa kisigino akarudi kwa wageni.

Siku ya kukata, watu wa kawaida wangegawa shamba kwa urefu, kila mmoja apate ukanda wa kutoka barabarani hadi majini. Kekee alikataa. Kanda nyembamba hivyo, alisema, hata ng'ombe hageuki, na kila udongo una kazi yake. Afadhali wakate kwa upana, vipande vitatu, kila mtu aujue wake. Sababu zilikuwa za kweli, na ujanja hujificha vizuri sana ndani ya sababu za kweli. Kipande cha mawe alikifanya kikubwa kidogo, ili kufidia mawe yenyewe, akasema. Ndugu zake wakasifu haki yake. Hapo alijikuna shingo pasipowasha.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mdogo atachagua kwanza, na atachukua chekundu, kwa kuwa kina barabara na nyumba ya baba na ana watoto. Fundi atachukua cheusi, kwa kuwa tangu ujana alililia ule mfinyanzi wa kufyatulia matofali. Mawe yatabaki, na dada atayapokea kwa uso wa huruma. Nisimfiche: siku mbili zilizobaki kabla ya kuchagua hakulala vizuri, lakini ilikuwa kwa furaha kuliko kwa aibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa anatembea na chombo cha kuchimbia.

Wakasimama uani, wao watatu na mke wa Mdogo, kamba zilizofungwa vigingini zikionyesha mipaka chini yao. Kekee hakuweza kusimama pamoja na wenzake. Alikwenda akashika kigingi, akarudi, akashika kingine.

Mdogo akatazama vidole vyake vya miguu. Akasema yeye atachukua cheusi cha chini, ng'ombe wanataka maji.

Kekee akageuka. Alidhani amekosea, akamuuliza na nyumba je, na barabara, na watoto. Mdogo akarudia ng'ombe. Mke wake akaangalia pembeni kama mtu anayezuia tabasamu.

Fundi naye hakungoja kuulizwa. Alitaka mawe. Penye miti hapana wajenzi, alisema, lakini penye mawe leo yupo mwashi, na wote wakacheka isipokuwa mmoja.

"Chekundu ni chako, dada," Fundi akasema. "Na nyumba ya baba iliyo juu yake."

Mke wa Mdogo ndiye aliyeeleza, maana hakuweza tena kujizuia. Ndugu hao wawili walikuwa wamekutana pembeni mapema, wakala njama. Walisema dada amewasomesha, amezurura wilaya nzima kwa ajili yao, hajawahi kuwa na mlango wake, na kwa hiyo sheria ya mama au si sheria ya mama, hawawezi kumwachia mawe. Walimwona alivyokata kwa haki, akijua wazi kwamba yeye wa mwisho atabaki na changarawe, wakazidi kumwonea huruma. Basi wakaamua kumwachia palipo laini.

Kekee aliinama akashika kigingi kilichokuwa karibu. Aliletewa kiti, na kwa mara ya kwanza watu wote waliomjua walimwona amekikalia chote, mgongo umeegemea, mikono imelala. Walidhani ni furaha. Akasema asanteni, akanywa chai yake yote, na haikuwa na ladha yoyote.

Alirudi kazini, lakini kazi haikumkubali. Alichanganya vifuko, mchanga wa kaskazini akauandikia bonde la mpunga, na mkulima mmoja alikaribia kushauriwa alime mpunga jangwani. Mwenzake wa ofisini akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, akatoka, akarudi, akafagia chumba kilichokuwa safi. Usiku alifikiri mawe na mchana alifikiri mawe. Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Angedhulumiwa angepiga kelele. Yeye alikuwa amependwa, na mtu aliyependwa atashtaki wapi?

Kisha Mdogo akapiga simu, akitaja hili na lile, na katikati akatupia kwamba Fundi ameanza kung'oa mawe na wiki inayofuata analeta trekta lisawazishe mteremko wote, amwage zege, awe na uwanja wa kufyatulia matofali ya saruji. Kuna ubaya gani, Mdogo akasema, si mawe tu?

Kekee akabaki ameshika simu iliyokatika. Ule udongo wa kahawia, miaka na miaka ya mawe kuoza polepole, ulikuwa unaenda kufunikwa zege. Na hapo hapo, shetani wa mtu hachelewi, akaiona njia. Atamwambia Fundi wabadilishane. Atasema wewe una biashara, unahitaji barabara, chukua chekundu, mimi nitavumilia hayo mawe. Fundi angekubali. Tena angemshukuru. Alipokuwa njiani aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya, na kufika shambani alikuwa ameyajua kama wimbo.

Alimkuta Fundi amevua shati, nyundo mkononi, lundo la mawe kando yake likimfika kiunoni. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa chenye damu. Alifurahi kumwona dada, akamtafutia jiwe tambarare la kukalia, naye hakukaa.

"Fundi, nimefikiria sana," alisema. "Tubadilishane. Wewe chukua juu, mimi nitachukua huku."

Fundi akaiweka nyundo chini. Alimwangalia dada yake muda mrefu, na macho ya lile jitu yakalowa.

"Dada," akasema, "hata hili nalo unataka kutubebea?"

Kekee alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Alitembea hadi kwenye kigingi, akarudi. Akatembea tena. Maneno yake mazuri yote aliyoyapanga yalikuwepo, yakingoja, na angeyasema hata sasa yangefanya kazi kuliko hata mwanzo. Hapo ndipo alipoona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Akachukua kekee yake garini, akatafuta mwanya kati ya mawe, akaizungusha mpaka ikazama yote, akaivuta na kumwekea ndugu yake kiganjani kilichotoka.

"Usilete trekta," akasema. "Hapa ndipo pazuri kuliko pote. Panda michungwa. Panda miparachichi. Mawe ni ya juu tu."

Fundi akakibonyeza kile kidonge cha udongo, kikamegeka. Hakuwa mtu wa udongo, lakini hakuwa mjinga.

"Ulijua siku unakata?"

"Nilijua."

"Na ukakifanya kikubwa."

"Nikakifanya kikubwa."

Ng'ombe wa Mdogo alilia huko chini, akanyamaza. Kekee alitamani apigiwe kelele, maana kelele angezijibu. Fundi alikung'uta mkono wake kwenye suruali, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama angekuwepo," akasema, "angekunyang'anya kisu."

Akaokota nyundo yake. Kekee akageuka kuondoka, na alikuwa amefika karibu na gari alipoulizwa kwa nyuma, bila kutazamwa, hicho chekundu kina nini basi. Akaeleza yote: uchachu, gamba la plau, mahindi ya zambarau. Ukikipanda leo, alisema, utavuna magunzi. Fundi akauliza kama kinaponyeka. Kinaponyeka, akajibu, kinataka chokaa, samadi, mbaazi za kutoboa lile gamba kwa mizizi yake, na mtu wa kukitazama kila msimu asiondoke.

"Asiondoke," Fundi akarudia, akapiga jiwe.

Trekta halikuja. Lakini Fundi hakumpigia dada simu, wala dada hakuwa na uso wa kumpigia. Mdogo alihisi kuna jambo, akajitia hamnazo. Kekee alichukua likizo yake yote iliyolimbikizana, akauleta mkoba wake kwenye nyumba ya baba, akautoa nguo hadi ukabaki mtupu. Nyuma ya mlango wa stoo palikuwa na majembe ya marehemu. Hakuyachagua. Alichukua la kwanza lililomgusa mkono, lenye mpini uliopasuka na kufungwa waya, akatoka nalo.

Kumponya mgonjwa wa namna ile si kazi ya mtu mwenye haraka. Alisomba samadi kutoka zizini kwa Mdogo kwa toroli, akamwaga chokaa, akapanda mbaazi, akasimama pembeni akizingoja ziote kana kwamba atazivuta masikio. Ziliota kwa wakati wake zenyewe. Kila asubuhi alizikagua, akarudi ndani, akatoka kuzikagua tena, na mke wa Mdogo akamwambia mimea ikitazamwa sana huona haya. Mara nyingi alisimama mpakani akitazama kule kwenye mawe, ambako Fundi alikuwa amechimba mashimo ya michungwa, moja karibu mno na jingine, na alilazimika kuuma meno asivuke kwenda kumrekebisha. Baadaye Mdogo ndiye aliyemletea salamu, kwamba Fundi anauliza shimo na shimo yaachane hatua ngapi. Akamjibu kupitia kwa Mdogo. Mashimo yakafukiwa, yakachimbwa upya, na yeye akalia kidogo jikoni.

Mbaazi zilipomfika magotini, aliamka akakuta Fundi yuko uani kwake na toroli la mawe. Mwashi hakusalimu. Alishuka na kupanda, akaleta mengine, akakoroga saruji, akaanza kupanga mawe kando ya shamba jekundu, chini ya ukuta wa nyumba ya baba unaoelekea mbaazi. Kekee alimletea chai, ikapoa. Alimletea maji, yakanywewa. Alizunguka huku na huko akitafuta cha kushika, akaokota mwiko akaambiwa auache. Ilipofika jioni, Fundi alikuwa amejenga benchi, pana, lenye mgongo, limesimama barabara kama kazi yake yote ilivyosimama.

Akanawa mikono. Ndipo alipomwangalia dada yake usoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ulitaka mawe," akasema. "Haya. Yakikauka, ukae."

Akasukuma toroli lake tupu kuteremka mteremko. Kekee hakungoja saruji ikauke. Hiyo ingekuwa si yeye. Alikaa ukingoni kwa tahadhari, akahisi ubaridi unapenya nguoni, akanyanyuka kwenda kuangalia mbaazi, akakuta ziko vile vile alivyoziacha. Akarudi akakaa tena, mara hii hadi mgongo ukagusa mawe.